Kijiti cha Mguu wa Nyuma

Watu wa Kibondo waliamini vumbi. Kitanda kikishushwa kutoka kwenye lori kikiwa kisafi, walikipita kana kwamba hawakukiona. Kikishuka kimejaa vumbi jekundu la barabara ya Kasulu, walikisogelea, wakakipapasa kwa kidole, wakatazamana: hiki kimetoka mbali kweli. Ridhiwani Dadi alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini, na kwa miaka kumi vumbi hilo ndilo lililomlisha, likamvisha na kumwozesha.

Duka lake lilikuwa njia ya kwenda sokoni, na juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu: RIDHIWANI FANICHA ZA DAR. Karakana yake haikuwa Dar. Ilikuwa kilomita tisa nje ya mji, nyuma ya shamba la mihogo, mahali ambapo mtu wa mjini hana shughuli ya kumpeleka. Humo mafundi kumi na mmoja walipiga randa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mzigo ukiwa tayari walivifunga vitanda kwa maboksi na nailoni, wakavipakia kwenye gari, na dereva Lukmani akaenda navyo mbele kuelekea Kasulu, kisha akageuza na kurudi mbio turubai likiwa wazi, mpaka kila kitu kikapata rangi ya tofali. Hapo ndipo alipoingia mjini akipiga honi. Alishuka, akajifuta uso kwa taulo, akaanza kulalamika mbele ya watu jinsi alivyocheleweshwa kwenye mizani ya Nzega. Lukmani hajawahi kufika Nzega mpaka leo.

Tusimcheke haraka. Vitanda vyenyewe vilikuwa vitanda. Kitanda cha Ridhiwani hakilii. Mtu ageuke, apige chafya, agombane na mkewe au apatane naye, kitanda kimya. Mwanahawa Hilali, mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, alinunua ishirini kwa mpigo mmoja, na kila mgeni aliyepokea ufunguo aliambiwa: "Lala kwa raha zako, baba. Hicho cha Dar, hakina umbea."

Ukimya huo ulikuwa na sababu yake. Viungo vya fanicha za Ridhiwani havikupigwa misumari, vilifungwa kwa vijiti. Na katika mguu wa nyuma, upande wa kushoto, kulikuwa na kijiti kimoja cheusi cha mpingo kilichoingizwa mshazari kwenye mninga mwekundu, kikatokeza kidogo upande wa ndani kama ukucha. Ukipitisha kidole unakikuta. Hakuna fundi wa Dar anayefanya hivyo. Walioweza kufanya hivyo duniani kote walifundishwa na mtu mmoja tu, mwalimu Bazilio Nkunzimana wa Chuo cha Wananchi Rugarama, nje kidogo ya mji wa Kasulu, na Ridhiwani alikuwa mmoja wao.

Hilo hakuna aliyelijua Kibondo. Uongo wenyewe haukuanza naye, aliurithi pamoja na duka. Alipofeli darasa la saba na kukaa nyumbani miaka akifukuza kuku, baba yake, Mzee Dadi, muuza chumvi na khanga, alimpeleka Rugarama kusomea useremala kwa sababu ada yake ilikuwa ndogo. Lakini Rugarama wanafunzi walilima bustani, wakapika kwa zamu, wakalala bweni moja na watoto wa nyumba zinazozungumza Kirundi. Mzee Dadi mwenye ndugu Magomeni, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, aliona haya. Akawaambia watu wa msikitini kwamba Ridhi yuko Dar kwa baba yake mdogo, anasomea fanicha. Kila likizo alimtumia shati jipya la Magomeni, na akamwagiza asishuke na mabegi yake mpaka stendi kubwa, mbele ya watu, akiwa na vumbi lake. Mtoto akajifunza. Mzee alipokufa hakukuwa na mtu wa kuufuta uongo huo, na biashara ilikuwa imekwisha kaa juu yake.

Machi mwaka 2014, asubuhi ya siku ya gulio, mwalimu Bazilio aliingia dukani.

Alikuwa amezeeka kuliko Ridhiwani alivyotarajia. Koti lilikuwa lile lile la kahawia, au ndugu yake. Alisimama mlangoni, akainama kidogo, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia watu wa Kasulu, na kutoa salamu ya kwao, "Mwakeye, mwanangu."

Dukani kulikuwa na wateja wawili. Ridhiwani aliwatazama wao kabla ya kumtazama mwalimu wake. Kisha akamshika mzee mkono, si kwa heshima bali kama unavyomtoa mtu njiani gari linapokuja, akampeleka nyuma stoo, kati ya magodoro. Wakasimama. Katika duka lililojaa viti, Ridhiwani hakumkaribisha mwalimu wake kiti.

"Sikuja kukuomba fedha, usiogope," Mwalimu alisema. Akatoa daftari mfukoni. "Chuoni wamekuja wafadhili. Wanataka kujua kile chuo kimeifanyia nini nchi yetu hii, Kasulu na Kibondo. Wakiona wana wetu wamebaki huku, wana kazi, wanawapa wengine kazi, watatuletea mashine tatu za umeme na useremala utaendelea. Wasipoona, Juni tunafunga karakana."

"Si uwapelekee majina?"

"Majina ninayo mia na thelathini. Ninazunguka nayo toka Januari, Makere, Mabamba, kote. Mikono ya kuandika sahihi nimepata sita." Mwalimu alitabasamu kidogo. "Wengine wanasema walifundishwa na wajomba zao. Wilaya hizi zina wajomba mafundi wengi, mwanangu, sikujua."

Ridhiwani alicheka kwa sababu ilibidi acheke.

"Wewe una watu wangapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kumi na mmoja," Ridhiwani akasema kwa sauti ya chini. Hata katika hofu yake alitaka mzee aisikie hesabu hiyo. "Na akina mama watatu wa vanishi. Fundi mkuu ni Reverien."

"Reverien wa kwetu? Wa mwaka 2003?" Mwalimu alipiga makofi tena, safari hii kwa furaha tupu. "Kumi na mmoja! Na mpasua mbao, na mama anayewapikia ugali, na watoto wanaovaa sare za shule! Ridhiwani, wewe peke yako ni nusu ya jibu. Mgeni wao mmoja anakuja hapa hapa Kibondo Alhamisi, kwenye mkutano wa wafanyabiashara. Usimame tu useme: nilisoma Rugarama. Basi. Maneno mawili."

"Nitasema, Mwalimu. Inshallah."

Neno la Mungu alilitumia kufungia mlango. Alijua wakati huo huo kwamba hatasema, na alijua kwamba Mwalimu amemwamini. Akamtoa kwa mlango wa nyuma, akamwambia njia ile ni fupi zaidi kufika stendi. Haikuwa fupi.

Mkewe Asmahani alikuwa ameingia dukani na chakula cha mchana. "Yule mzee ni nani?"

"Muuza asali," akasema Ridhiwani.

"Asali gani bila ndoo?"

Ridhiwani alivuta sahani, akala. Asmahani alikuwa mtu wa mzaha na macho makali, na kitu alichopenda kuwaambia mashoga zake ni kwamba mume wake alikula ujana wake Magomeni akiwa na nywele za kuchana pembeni. Angewezaje kumwambia leo kwamba Magomeni alifika mara moja tu, kwa siku tisa, na siku tano kati ya hizo aliumwa tumbo?

Siku tatu zile aliishi vibaya. Alifikiri juu ya Mwanahawa na vitanda vyake ishirini, juu ya watu waliomlipa bei ya safari ambayo hakuna kitanda kilichoisafiri. Wangesema ni tapeli, na wangekuwa hawajakosea. Kisha alifikiri juu ya lile daftari lenye sahihi sita, akaona aibu iliyomfanya atoke nje ya duka na kusimama juani bila sababu. Akapanga augue Alhamisi. Lakini alikuwa katibu wa wafanyabiashara, na Asmahani alikuwa ameshawaahidi viongozi viti. Alipokuja kufahamu, Reverien na wenzake walikuwa wakipakua viti thelathini kwenye ukumbi karibu na soko, vya mninga, vyenye vijiti.

"Si tungekodi vya plastiki?" Ridhiwani alimuuliza mkewe.

"Mgeni akalie plastiki na sisi tuna vya Dar?" Asmahani alimtazama kana kwamba ana homa. Kama angekuwa nayo kweli angeshukuru.

Mgeni alikuwa mama wa makamo aitwaye Epifania, mrefu, mpole, mwenye kalamu iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliketi mbele. Mwalimu Bazilio aliketi karibu naye, koti limepigwa pasi, na kati ya miguu yake aliweka mfuko wa sandarusi uliofungwa kwa kamba ya katani. Ridhiwani alidhani ni maharage. Mtu wa Makere, kwao Mwalimu, hasafiri kumwona mtu mikono mitupu.

Yalipokwisha maneno ya kufungua, mama Epifania alisimama na kuuliza swali lake bila mapambo. "Nimeambiwa chuo cha Rugarama kimewatoa mafundi wengi wanaofanya kazi Kibondo. Ningependa kuwaona. Aliyesoma Rugarama anyooshe mkono."

Ukumbi ulikuwa na watu kama sitini. Kati yao Ridhiwani aliwajua saba waliosoma Rugarama, wakiwamo yeye mwenyewe, muuza madirisha, mjenzi wa nyumba za halmashauri, mwenye karakana ya milango kule juu, na Reverien aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Reverien alimwangalia bosi wake. Muuza madirisha naye alimwangalia, na mwenye milango pia. Ilikuwa wazi kabisa kwamba mkono wa Ridhiwani ukinyanyuka, mikono mingine sita itaufuata. Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Aliuona kama mkono wa mtu mwingine.

Mkono mmoja tu ulinyooka, wa Pelagia, anayeshona mito ya viti. "Mimi nilisomea ushonaji," alisema. "Mwaka 2009." Akaangalia huku na huku akiwangoja wenzake, akauteremsha.

Mama Epifania aliandika. Kisha akamgeukia Ridhiwani. "Bwana katibu, wewe ndiye mwenye biashara kubwa ya fanicha hapa. Umewahi kumwajiri fundi wa Rugarama?"

Kila kitu kilikuwa hapo. Maneno mawili, mzee alisema. Ridhiwani alisimama, akajisikia akikohoa, akajisikia akisema, "Mimi mama, mzigo wangu unatoka Dar."

"Dar kabisa!" Mwanahawa Hilali alidakia kutoka nyuma, kwa roho safi, akimsaidia rafiki. "Mimi ninavyo ishirini. Fundi wa huku hawezi kazi ile!"

Watu wakacheka kidogo, wakakubali. Reverien alivaa kofia yake akatoka nje.

Mama Epifania alipekua karatasi zake. "Mwalimu, njiani uliniambia kazi za wanafunzi wako zina alama. Kijiti kwenye mguu wa nyuma." Akainuka, akasukuma mbele kiti alichokuwa amekikalia yeye mwenyewe. "Hebu tuangalie hiki, ili nisije nikaandika jambo lisilo sahihi."

Mwalimu Bazilio akakilaza kiti magotini. Hakuwa na haraka. Aliweka kidole gumba ndani ya mguu wa nyuma, upande wa kushoto, na Ridhiwani akakiona kidole kikisimama mahali pake. Kikakaa hapo. Kikazunguka mara moja juu ya ule ukucha mdogo wa mpingo, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Mwalimu akanyanyua macho. Alimtazama mwanafunzi wake, akatazama mlango aliopitia Reverien kutoka nje, akatazama tena kiti.

"Hapana, mama," akasema. "Hiki si cha kwetu. Hiki kimetoka Dar."

Akakisimamisha kiti, akakifuta kwa mkono wa koti, akamrudishia mgeni akae.

Ridhiwani alikuwa bado amesimama. Machozi ambayo hakuyalia hata siku ya mazishi ya baba yake yakaja mpaka kwenye kope yakasimama. Mtu yule katika maisha yake yote hakuwahi kusema mbao imenyooka kama haijanyooka. Aliwahi kumrudishia Ridhiwani droo moja mara tisa. Leo, mbele ya watu sitini, amesema uongo, na uongo huo ameusema kwa ajili yake. Hata baada ya hapo mdomo ulikuwa na nafasi. Kulikuwa na dakika nzima, labda mbili, mama Epifania akiandika. Ridhiwani akaketi.

Mkutano ulipokwisha, Mwalimu alikuwa wa kwanza kutoka, mfuko wake begani. Ridhiwani alimwona dirishani akienda stendi, na hakumfuata.

Juni karakana ya useremala Rugarama ilifungwa. Chuo kiliendelea na ushonaji na kilimo, lakini zile benchi za kufundishia ziliwekwa stoo, na vijana ishirini na wanne waliokuwa wamekwisha jiandikisha wakarudi makwao. Watu wa Kibondo hawakushtuka. Kitu ambacho hakijawahi kutusaidia kina hasara gani kikifungwa? Ndivyo walivyosema wakiwa wamekalia viti vyake.

Mafundi wawili wa Ridhiwani waliondoka mwaka huo, na alipotaka wa kuziba nafasi hakupata. Vijana waliokuja walijua nyundo tu. Reverien aliwafundisha alivyoweza, lakini tangu siku ile ya ukumbini alikuwa mtu mwingine, anasema ndiyo na hapana tu. Mwaka 2015 katikati wakimbizi wapya walipoanza kumiminika kutoka Burundi na kambi ya Nyarugusu ikafurika, mashirika yakazunguka wilaya zote yakitafuta madawati, milango na vitanda kwa maelfu. Kazi ya namna hiyo haijapata kuonekana huku. Ridhiwani aliweza kutoa madawati arobaini. Yaliyobaki yaliletwa kwa malori kutoka Mwanza na Dar, na malori yakifika hivyo hayarudi bila kuuza vingine. Ndipo Kibondo ikaona kwa mara ya kwanza vitanda vya Dar vya kweli. Mwanahawa alinunua vinne. Baada ya wiki alikuja dukani amekunja uso.

"Ridhiwani, hivi vya Dar vya sasa mbona vinalia? Usiku nyumba nzima inajua nani kageuka. Nipe vile vya Dar vya zamani."

"Vimekwisha, mama," Ridhiwani alisema. Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilomwambia Mwanahawa kuhusu vitanda.

Jioni hiyo alimweleza Asmahani yote, kuanzia shati la Magomeni. Alitegemea atacheka, au atalia. Asmahani aliendelea kuchambua mchele. "Kwa hiyo yule mzee wa asali ndiye aliyekufanya uwe mtu," alisema mwishowe, "na wewe ukamtoa kwa mlango wa nyuma. Nenda kwake. Na usimpelekee bahasha."

Alikwenda. Mwalimu alikuwa amestaafu, anakaa Makere kwenye shamba lake, nyumba ya tofali za kuchoma na bati, maharage ya njano yameanikwa uani kwenye turubai. Alimwona Ridhiwani kwa mbali, akaacha mpini wa jembe aliokuwa akiuchonga, akaja akipiga makofi.

"Mwakeye, mwanangu! Karibu. Karibu kiti."

Uani kulikuwa na kiti kimoja tu, kigoda kifupi cha mninga. Mwalimu alikuwa amekikalia. Akakipangusa kwa koti, akampa mgeni, yeye akaketi chini juu ya gogo la kuchongea. Ridhiwani alikataa mara mbili, mara ya tatu akaketi, na kukaa pale kulimuuma kuliko kama angeachwa amesimama. Alikumbuka stoo na magodoro.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba msamaha."

"Ehe," Mwalimu alisema, akimngoja.

"Ningenyoosha mkono, karakana isingefungwa."

"Isingefungwa." Mzee hakumpunguzia. "Wale wafadhili walikuwa wanataka watu kumi tu. Tungepata hata kumi na tano."

Ridhiwani aliinama. Kuku walipita kati yao. "Kwa nini ulisema si cha kwetu? Kidole chako kilikuwa juu ya kijiti. Nilikiona."

Mwalimu aliokota kibanzi cha mti, akakivunja vipande. "Nilikuwa nafikiri. Nikisema hiki ni chetu, yule mama wa vitanda ishirini atasimama hapo hapo. Watakurudishia mizigo. Duka litafungwa. Reverien na wale kumi watakula wapi? Na akina mama wa vanishi?" Akatupa vile vipande. "Kile chuo kilijengwa ili watu wa huku wapate kula. Ningekiokoaje kwa kuwanyang'anya chakula waliokwisha kukipata? Ndiyo nikasema hivyo. Sikupenda kusema. Mpaka leo mdomo wangu hauko sawa."

Ridhiwani aliona aibu iliyokuwa mpya kabisa, tofauti na ile aliyokuja nayo. Ile ya kwanza ilimhusu yeye na jina lake. Hii ilikuwa ya kujua kwamba wakati yeye alikuwa akihesabu hasara yake mwenyewe, mzee huyu alikuwa akiwahesabu mafundi wake.

Wingu lilikuwa limepanda kutoka upande wa Burundi, na tone la kwanza likaanguka kwenye turubai. Wakainuka wote kuyaingiza maharage. Ridhiwani alipokishika kigoda kukipeleka barazani alikigeuza miguu juu, na vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye mguu wa nyuma. Kijiti kilikuwapo. Chini ya ubao wa kukalia kulikuwa na maandishi yaliyochomwa kwa msumari wa moto, herufi za mtu aliyekuwa bado anajifunza kunyoosha mstari: R. DADI. KIBONDO. 1997. Ilikuwa kazi yake ya mtihani. Alikuwa ameisahau.

"Umekitunza miaka yote hii?"

"Kazi nzuri haitupwi," Mwalimu alisema, akijikung'uta maji.

"Ungekileta siku ile..." Ridhiwani alianza, na hapo hapo akaukumbuka ule mfuko wa sandarusi kati ya miguu ya mzee, kamba ya katani, ukubwa wake. Si maharage. Jina lake mwenyewe, limefungwa vizuri, lilikuwa limekaa ukumbini pale mkutano mzima, hatua nne kutoka alipokuwa amesimama akisema Dar.

"Nilikileta," Mwalimu alisema. "Nilidhani ukisimama, nikitoe tuwaonyeshe tulipoanzia. Kwa furaha." Akaiangalia mvua ikinyesha. "Kichukue. Ni chako."

Mvua ilipokatika Ridhiwani alisimama kando ya barabara kungoja gari la Kibondo, kigoda mikononi, miguu juu, maandishi yakiangalia mbinguni. Hakutaka kukifunga kwa chochote. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga za kuchemsha alikisogelea, akakipapasa kwa kidole kama wanavyofanya watu wa huko.

"Kizuri, baba. Cha Dar?"

"Cha Rugarama," alisema Ridhiwani. "Nilikitengeneza mimi. Jina langu hili hapa."

Mama alisoma herufi moja moja, kisha akaguna bila kuamini. "Rugarama hii ya Kasulu? Mwanangu alikuwa amejiandikisha huko useremala, wakafunga. Walisema hawajawahi kumtoa fundi hata mmoja."

"Nani alisema?"

"Watu wa Kibondo wenyewe. Waliulizwa, wakasema hakuna."

Gari lilionekana mbali likirusha maji ya madimbwi. Ridhiwani angeweza kunyamaza, lilikuwa karibu kufika.

"Ni mimi niliyesema," akamwambia.

Mama akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akakitazama kile kijiti cheusi, akalitazama jina. Akaokota beseni lake la karanga, akaliweka kichwani, akavuka barabara kwenda kungoja wateja upande wa pili.